Kichupa Chenye Jina la Baba

Ng'ombe wa baba yangu akiharisha, Baba hufunga safari kutoka Kabazi hadi dukani kwangu Lanet, mkononi amebeba mavi ya ng'ombe huyo ndani ya mkebe wa majani ya chai. Huuweka mkebe juu ya kaunta, katikati ya wateja, akaufungua na kuanza kueleza: juzi rangi ilikuwa hivi, jana ikawa vile, leo asubuhi kuna utelezi. Mimi nauza dawa za mifugo, kwa hivyo sina budi kusikiliza. Wateja nao husogea kuchungulia, wanaume wazima wenye kofia zao, na kila mmoja ana maoni yake. Sijawahi kumwona hata mmoja akiona haya mbele ya mkebe ule.

Naanza na hilo ili mtu asije akaniambia kwamba watu wa kwetu hawawezi kuzungumzia choo. Wanaweza sana. Wanachoshindwa ni kukubali kwamba hata wao wanacho. Mwaka juzi watafiti walipokuja Kabazi kutafuta saratani ya utumbo mpana, walikuta wazee walio tayari kutoa hotuba juu ya kila kitu duniani isipokuwa hicho.

Watafiti wenyewe walipitia kanisani, maana kwetu hakuna kitu kinachoingia bila kupitia kanisani, kuanzia mbegu za viazi hadi wanasiasa. Walisimama mbele baada ya ibada wakiwa wamevaa fulana nyeupe zenye picha ya utumbo mgongoni, picha ambayo watoto walikubaliana kwamba ni ya minyoo. Aliyewaongoza alikuwa msichana mwembamba mwenye miwani, bado yuko chuoni akisomea shahada ya juu. Alieleza vizuri, sitamnyima hilo. Alisema ugonjwa huu huanza kama kijinyama kidogo kwenye ukuta wa utumbo, kikakaa pale miaka bila kumuuma mtu, kikivuja damu kidogo sana ambayo jicho haliwezi kuiona. Kikipatikana mapema hukatwa na mtu akaenda zake nyumbani. Kikiachwa mpaka mtu asikie maumivu, mara nyingi huwa kimeshageuka kitu kingine. Kwa hivyo kila atakayeshiriki angepewa kichupa chenye kijiti kwenye kifuniko. Unachoma choo chako kwa kile kijiti, unakirudisha ndani, unafunga, unaleta. Mtoto wa shule ya chekechea angeelewa.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mtu yeyote aliyewahi kulala hata siku moja katika boma la Kabazi asingelifanya. Alisema wanataka mtu mmoja kutoka kila boma, na mtu huyo awe mkuu wa boma. Baadaye alinieleza sababu zake: watu wa nyumba moja hula chakula kimoja, na wanaume ndio wanaokimbia hospitali, kwa hivyo watafiti walitaka kuwafikia hao. Kwenye karatasi yalikuwa maneno mazuri. Lakini karatasi haikujua kwamba kwetu kitu akikabidhiwa mkuu wa boma, kabla hajaketi kinakuwa kimeshahamia mkononi mwa mkewe.

Pasta alichukua kipaza sauti akatafsiri yote yale kuwa "mambo ya huku chini", kisha akasema viongozi wataanza ili kondoo wafuate. Wazee wa kanisa wakapanga foleni na makoti yao, nyuso nzito, utadhani wanaenda kuapishwa. Baba yangu alikuwa karibu na mbele kabisa. Walibandika jina lake kwenye kichupa, akakipokea kwa mikono miwili, na watu wakapiga makofi.

Ni lazima niwaambie jinsi nyumba yetu inavyoendeshwa. Baba hubeba Biblia na fimbo. Vingine vyote hubebwa na Mama. Mikutano ya wazazi shuleni alihudhuria Mama, halafu Baba akatueleza yaliyosemwa. Dawa za presha za Baba huchukuliwa na Mama zahanati, na muuguzi akitaka kumpima mwenyewe, huambiwa mzee ana mkutano. Hata kanisa likitangaza mfungo, Mama hufunga kwa niaba ya nyumba nzima huku Baba akila, kwa sababu Baba ana vidonda vya tumbo ambavyo huamka wakati wa mfungo pekee. Basi Jumapili ile kichupa hakikufika hata kwenye lango la kanisa kikiwa mkononi mwake. Kilikuwa ndani ya mkoba wa Mama, kati ya leso na kitabu cha nyimbo. Tulipomaliza kunywa chai nyumbani, nilimsikia Baba akisema bila kuinua macho, "Hiyo kitu ya kanisa, uishughulikie."

Katikati ya wiki Mama alikipeleka kichupa kwenye meza ya watafiti, kimefungwa vizuri, kimefutwa. Baba alipewa fulana ya shukrani. Akaivaa kwenda nayo kwenye mnada wa ng'ombe.

Wiki chache zikapita, kisha yule mtafiti akapiga simu. Baba huongea na simu ikiwa imefunguliwa sauti, akiwa ameishika mbele ya uso kama kioo, kwa hivyo boma zima lilisikia. Msichana alimwambia kipimo kimeonyesha damu. Akamwambia, na akarudia, kwamba hiyo haimaanishi ana saratani, inamaanisha tu kwamba inafaa aangaliwe na kamera katika hospitali moja mjini Nakuru, na kwamba gharama ni juu yao. Katika maneno yote hayo Baba alisikia neno moja. Kufikia saa sita alikuwa kitandani. Kufikia jioni tulikuwa tumeitwa sote, mimi kutoka Lanet na kaka yangu mkubwa kutoka Gilgil, ambaye aliliacha lori lake la mchanga barabarani na dereva.

Tulimkuta amelala na kofia yake ya sufu, shuka hadi kidevuni. Alitugawia ng'ombe. Akatuonyesha kwa kidole, ukutani, mpaka wa shamba unapopita. Akataja nyimbo za mazishi na akataja pia watu ambao wasiruhusiwe kuzungumza siku hiyo, maana kuna mmoja wanayezozana naye tangu enzi za chama cha ushirika cha maziwa. Kaka yangu alilia kwa sauti. Mimi nilikuwa na kinyongo changu na Baba, kile cha siku zote, lakini nitakuwa mwongo nikisema sikuogopa. Mama aliingia na chai, akatoka. Akaingia na uji, akatoka. Hakuketi hata kidogo. Nilidhani amepigwa na bumbuazi.

Hadi leo watu wawili au watatu ninaowaamini huniuliza kama Baba alikuwa amesahau kwamba kichupa alimwachia Mama. Nimemchunguza sana. Sidhani alisahau, kwa sababu mtu husahau jambo ambalo aliwahi kulifikiria. Baba aliona jina lake limebandikwa kwenye kitu, na kitu chenye jina lake ni chake. Kilichomo ndani kilitoka wapi ni mambo ya jikoni.

Kazi ya kumwandaa kwa kamera iliniangukia mimi. Mtu hupewa dawa ya kuosha tumbo, unga unaochanganywa na maji mengi, akanywa kidogo kidogo mpaka tumbo libaki tupu. Baba alikunywa kila glasi kana kwamba anakunywa kwa ajili ya dhambi za taifa. Aliguna. Alifumba macho. Aliniuliza kama nimehakikisha si sumu. Dawa ilipoanza kufanya kazi, alihitaji mtu wa kumfungulia mlango wa choo, mwingine wa kusimama nje na taulo, na wote wengine waondoke uani. Jirani aliyekuja kumjulia hali alirudishwa langoni. Kati ya safari moja na nyingine aliomba kwa sauti, na katika maombi hayo nilisikia akimkumbusha Mungu kuhusu paa la kanisa ambalo yeye ndiye aliyesimamia ujenzi wake.

Daktari wa kamera alikuwa mtu mtulivu asiyependa maneno. Baba alichomwa sindano ya usingizi, akaingizwa, na baada ya muda si mrefu akatolewa anakoroma. Alipoamka, daktari alimwambia utumbo wake ni msafi, ameuangalia wote hadi mwisho na hakuna kitu. Akasema hutokea kipimo kikaonyesha damu na kamera isione sababu. Alimtakia siku njema. Mimi nilishukuru, nikamsaidia Baba kuvaa viatu.

Kabla gari halijafika Maili Kumi, alikuwa ameshampigia pasta. Kansa iliyokuwa haijawahi kutajwa na daktari yeyote ilikuwa tayari imeponywa. Tulipoingia bomani, tarehe ya ibada ya shukrani ilikuwa imepangwa, hema limeagizwa, na mbuzi anatafutwa.

Siku iliyotangulia shukrani nilikuwa jikoni na Mama tukimenya viazi vya mukimo. Nilimwambia, ili tu niseme kitu, kwamba tumebahatika. Alicheka kidogo, kicheko cha puani, halafu akaendelea kumenya. Nikamuuliza anacheka nini.

"Ile kitu haikuwa yake," alisema.

"Kitu gani?"

"Ya kwenye kichupa. Ilikuwa yangu."

Kisha akanieleza akiwa ameinamia karai, sauti ile ile anayotumia kuniambia maziwa yamechachuka. Alikuwa amemkumbusha Baba mara ya kwanza, akaambiwa ana haraka. Alipomkumbusha tena akagombezwa kwa kumfuata mtu mzima hadi chooni. Siku ya kurudisha ikafika na kichupa kitupu. Baba alikuwa amepigiwa makofi mbele ya kanisa zima, sasa aende kurudisha kichupa kitupu? Kwa hivyo aliingia chooni yeye, akafanya kama walivyoagizwa, akafunga. Alidhani choo ni choo. Walipopiga simu na kusema kuna damu, alijua papo hapo ni damu ya nani. Alikuwa ameishi na jambo hilo peke yake tangu siku ile, akipika uji wa mgonjwa asiye mgonjwa.

Nilimuuliza kama huwa anaona damu. Akasema hapana, haoni kitu, ila huchoka, na kuchoka ni umri. Nikakumbuka maneno ya yule msichana kanisani kuhusu damu ambayo jicho haliwezi kuiona, nikaweka kisu chini. Kamera ilikuwa imeingia kwa mtu asiyehusika. Mwenye damu alikuwa mbele yangu anamenya viazi vya kusherehekea kupona kwa mwingine.

Nilitaka twende hospitali siku hiyo hiyo. Mama akasema watu wameshaalikwa, tutaona baada ya shukrani, na nisithubutu kumwaibisha baba yangu. Alilisema hilo la mwisho kwa ukali ambao sikuuzoea kwake. Hofu yangu iligeuka hasira, na kwa kuwa sikuweza kuielekeza kwake, niliibeba hadi zizini alikokuwa Baba.

Alikuwa akimkagua mbuzi meno. Nilimweleza kwa kifupi na kwa adabu kadiri nilivyoweza. Hakushtuka. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Alimwachia mbuzi kichwa, akapangusa mikono kwenye suruali.

"Unataka nisimame mbele ya pasta niseme walipima choo ya bibi yangu?"

Nilimwambia asisimame popote. Aseme tu Mama apelekwe hospitali, basi. Akanijibu kwamba Mama hana shida, angekuwa na shida yeye angejua. Halafu akaongeza kwamba mambo ya damu kwa wanawake ni ya kawaida. Mama yangu amepita miaka sitini. Nilimwangalia baba yangu, mtu anayeweza kutambua minyoo ya ndama kwa harufu, nikamdharau waziwazi, na nadhani aliona, maana alirudi kwa mbuzi wake.

Shukrani ilifana. Kulikuwa na mukimo, nyama, na chapati za kukunjwa. Baba alivaa suti ya harusi ya kaka yangu na akatoa ushuhuda ulioanza na kuzaliwa kwake. Alieleza jinsi alivyokuwa ameandikiwa kifo, jinsi alivyolala akiyaona malango, na jinsi kamera ya wataalamu ilivyotafuta ugonjwa ikaukosa kwa sababu ulikuwa umeshafagiliwa. Watu walisimama. Pasta alirekodi kila kitu kwa simu. Mama alikuwa nyuma akihesabu sahani za wageni wa meza kuu.

Yule mtafiti naye alialikwa, akapewa nafasi ya kusema machache. Alisimama na miwani yake akawasifu wanaume. Alisema wameenda sehemu nyingi, na kila mahali wanaume huwasumbua: hupoteza vichupa, huchelewa, huvijaza vibaya. Lakini wanaume wa hapa walirudisha vichupa kwa wakati, vimejazwa sawasawa, vimefungwa, vingine hata vimefungwa tena ndani ya karatasi safi ya nailoni. Akasema wao ni mfano kwa nchi nzima. Wazee waliitikia kwa vichwa, taratibu, kwa unyenyekevu mkubwa. Mimi niligeuka nikawaangalia wake zao waliokuwa wameketi upande wa pili wa hema. Mmoja alikuwa akikunja leso. Mwingine alikuwa ametazama viatu vyake. Niliwapitia mmoja mmoja, safu kwa safu, na hakuna aliyekuwa akimwangalia msemaji. Nilicheka. Shangazi yangu alinifinya paja.

Nilimvizia mtafiti nyuma ya hema, pale sufuria zilipokuwa zikioshwa, nikamwambia choo kilikuwa cha Mama. Nikamwambia pia ninachofikiri kuhusu wale waume wa mfano. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Sasa data yote?" Alilitamka kama mtu aliyefiwa. Miaka ya masomo, fulana, picha za minyoo mgongoni, na alichoona cha kulilia ni jedwali lake. Nilikuwa nimeshafungua kinywa nimpe yangu, lakini alivua miwani, akaketi juu ya kreti ya soda. Kisha akauliza Mama yuko wapi na kama amekula. Akasema atazungumza na daktari, Mama aje kwa jina lake mwenyewe, na kwamba yeye atawaeleza wakubwa wake kilichotokea. Hapo nikamsamehe kidogo.

Kumtoa Mama bomani kulinigharimu wiki nzima. Kwanza kulikuwa na vyombo vya kurudisha. Halafu ng'ombe mmoja alikuwa karibu kuzaa. Halafu nani atampikia Baba. Mwishowe nilimwambia kama hataingia garini, Jumapili nitasimama mimi kanisani nitoe ushuhuda wangu, na nina sauti kubwa kuliko ya Baba. Alijua kwamba ninaweza. Alifunga nguo zake kwenye kimfuko. Baba tulimwambia Mama anakuja kunisaidia dukani, akauliza mara moja chai ya saa kumi itakuwaje.

Kwangu Lanet alikunywa ile dawa ya kuosha tumbo bila kuguna. Alikuwa akimaliza glasi anaiosha, anaifunika, anasubiri nyingine. Aliniambia nisisimame mlangoni kama askari, nirudi kwa wateja wangu. Jioni nilimkuta amefagia duka na kupanga chupa za dawa ya kupe kwa ukubwa.

Daktari alikuwa yule yule mtulivu. Safari hii alichukua muda zaidi, na nilipoitwa ndani alinionyesha picha. Kijinyama kilikuwa pale, chekundu, kimekaa kwenye ukuta wa utumbo wa mama yangu, kikubwa kidogo kuliko punje ya mahindi ya kuchoma. Alisema amekikata chote kwa waya na kukipeleka maabara. Majibu yaliporudi alitueleza polepole, na nilimrudisha nyuma mara kadhaa ili nielewe. Kilikuwa kimeanza kubadilika, lakini hakikuwa kimetoka nje ya pale kilipoota. Mama hakuhitaji dawa nyingine, ila kurudi kuangaliwa kwa vipindi. Alimwambia kwamba angesubiri mpaka asikie maumivu, wangekuwa wanazungumza mambo mengine. Mama alimshukuru na kumuuliza kama ana ng'ombe. Mimi nilienda nikaegemea gari nikalia, kwa furaha na kwa hasira, sikuweza kuvitenganisha.

Nilimpigia Baba nikamwambia. Akasema Mungu ni mwema. Halafu akasema jambo hilo tusilitawanye, kwa sababu ushuhuda wake umeshasambazwa kwenye makundi ya simu hadi kwa Wakristo wa Nairobi. Akauliza Mama anarudi lini. Hakuna mbuzi aliyechinjwa kwa ajili ya mama yangu. Hata kuku hakuchinjwa.

Mama aliporudi nyumbani alikuwa kimya kwa namna mpya. Baba alikuwa akiagiza, yeye anafanya, lakini alikuwa akifanya baada ya kumaliza la kwake kwanza. Aliniuliza kwa simu kama wale watafiti wameshawaita akina mama wengine. Nikamwambia nimemuuliza yule msichana, naye amesema wakubwa wake bado wanakutana kuamua. Wamekutana mara ngapi, Mama akauliza. Nikasema sijui. Akasema, basi Alhamisi uje na gari.

Alhamisi ni siku ya ushirika wa akina mama. Mama amekaa katika ushirika huo tangu nikiwa mtoto, na kazi yake humo imekuwa kuchemsha chai. Siku hiyo mwenyekiti aliposema kama kuna mwenye neno, Mama alisimama. Nilikuwa nimeketi karibu na mlango. Alisema kile kichupa cha mzee wake alikijaza yeye, damu ilikuwa yake, amekatwa kijinyama na amepona kwa sababu kilionekana mapema. Akasema kama kuna mwingine aliyemjazia mzee wake, na yeye anadhani wapo, aende apimwe kwa jina lake, asisubiri kuitwa. Hakueleza zaidi. Aliketi.

Sijui nilitarajia nini kutoka kwa wanawake wale. Labda nilitarajia kelele. Mtu alikohoa, halafu mwanamke mmoja wa safu ya mbele, ambaye kichupa cha mume wake kilikuwa kati ya vile vya nailoni, akaanzisha pambio. Wakalidaka wote, wakaliimba kwa makofi kama watu waliookolewa kwenye moto, ubeti baada ya ubeti, ili mradi mtu asipate nafasi ya kusema tena. Baada ya hapo mwenyekiti akauliza habari ya sahani za harusi ya mwezi ujao. Niliwachukia. Nilimshika Mama mkono tukatoka, na wimbo mwingine ukaanzishwa nyuma yetu.

Tulikuwa tumefika kwenye gari niliposikia viatu. Mke wa pasta alikuwa akitufuata, mkoba umebanwa kifuani, anatembea haraka bila kukimbia. Aliuliza kama naenda upande wa Nakuru. Nikasema ndiyo. Akasimama pale kana kwamba amesahau alichotaka, akiangalia kanisa.

"Pasta pia aliitwa," alisema hatimaye. "Sisi hatukuambia watu. Alienda kwa kamera, wakamwona msafi kabisa."

"Nani alijaza?" Mama akamuuliza.

Alishika mlango wa gari. Nikamwambia yule mtafiti yuko hospitali mpaka jioni, nimeongea naye asubuhi, na tukiondoka sasa tutamkuta. Alitikisa kichwa kukubali, mara kadhaa, lakini miguu yake haikusogea.

"Wacha kwanza nimuulize pasta," akasema.

Mama alikuwa ameshaketi mbele na kufunga mkanda. Alishusha kioo.

"Wakati wa kujaza," akamwambia, "ulimuuliza?"

Mke wa pasta akafungua mlango wa nyuma, akaingia.